Ukitaka kutengeneza gemu, usomee nini chuo kikuu?

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili jioni, saa ambazo kwa kawaida huwa kwenye kibanda cha PlayStation pale Umoja, akingoja mtu afungwe ndipo naye ashike pedi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, kafungua tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya vyuo na kozi, mama yake kasimama nyuma ya kiti.

"Mjomba, nimetafuta kozi za kompyuta, zimejaa ukurasa mzima. Ya gemu ni ipi?"

Nyuma yake nikamsikia dada yangu: "Muulize kwanza ni nani aliyewahi kulipwa mshahara kwa kucheza."

Nikawaambia wasibonyeze kitu hadi nifike. Nimeandika programu kwa kulipwa miaka mingi hapa Nairobi, na kila msimu wa kuchagua kozi simu za namna hii hunifikia. Wengi hukwama mahali pamoja: wanachagua jina. Na majina ya kozi za kompyuta ni kama majina ya hoteli za River Road. Ukitaka kujua kinachopikwa, ingia jikoni.

Mwaka 2005 ACM, IEEE na wenzao, vyama vikubwa vya wanakompyuta duniani, walitoa mwongozo ulioigawa taaluma hii mafungu matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Mwongozo wa 2020 ukaongeza usalama wa mitandao na sayansi ya data. Vyuo vyetu vikayachukua mafungu hayo, vikayachanganya na biashara, hisabati au mawasiliano, na kila kimoja kikaupa mchanganyiko wake jina. Ndiyo maana ukurasa wa mpwa wangu ulijaa.

Chukua mfano wa matatu za Umoja, zile mpya zenye skrini na muziki wa kutikisa vioo. Mtu wa uhandisi wa kompyuta ndiye anayeijua injini na nyaya: chipu, saketi, umeme unapopita. Mtu wa sayansi ya kompyuta huuliza kwa nini injini hii inakula mafuta kuliko ile, na anaweza kukuthibitishia kwa hesabu kwamba ipo njia bora. Uhandisi wa programu ni fundi mkuu wa bodi. Kazi yake ni kuhakikisha mafundi 10 wanaogonga mabati kwa wakati mmoja hawaharibiani, na kwamba mwakani ukitaka kubadilisha mlango hutabomoa gari zima. Teknolojia ya habari ni mekanika wa stejini, anayeangalia gari liamke asubuhi na lirudi usiku. Na yule wa teknolojia ya habari ya biashara, kozi ambayo wanafunzi huiita BBIT, yuko ofisi ya sacco, ushirika wa wenye matatu: gari analielewa kiasi, ila hasa anaelewa hesabu ya siku, wenye magari na abiria.

Sasa yule aliyechora grafiti ubavuni, akachagua taa za zambarau, akaamua abiria akiingia asikie nini? Hayumo katika kozi hata moja kati ya hizo. Na ukiitazama gemu yoyote unayoipenda, nusu yake ni kazi ya mtu huyo. Anayechora wahusika na kuwapa mwendo, anayetunga sauti, anayebuni kanuni za mchezo wenyewe (nani anashinda, kwa nini usichoke baada ya dakika tano), hawa mara nyingi hutoka kwenye uhuishaji, sanaa, muziki, hata fasihi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "kozi ipi", mtu ajiulize anapocheza huwa anatazama nini. Kama humezwa na mavazi ya wahusika na mandhari, amwambie mama yake ukweli mapema: anataka uhuishaji, na hapa Nairobi taasisi kama ADMI hufundisha njia hiyo. Kama hukaa akijiuliza mpira umejuaje kwamba umegonga mwamba, huyo ni wa kompyuta. Mpwa wangu ni wa mwamba.

Kuna tope jingine la hapa kwetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 iliyosimamia kamari ilikuwa na neno "gaming" kwenye jina lake, na matangazo mengi ya kazi yenye neno hilo Nairobi ni ya kampuni za kubeti. Kazi yenyewe ni ya kuandika programu za malipo na hesabu za ubashiri. Inalipa, siwezi kudanganya, lakini si kutengeneza gemu, na nimeona vijana wawili wakienda kwenye mahojiano na picha za wahusika waliowachora wenyewe, wakarudi wamenywea.

Tulipofika kwenye hisabati kijana akanuna. Alikuwa na matumaini kwamba gemu ni mlango wa kuikwepa. Nikaomba daftari la miraba.

Tuseme gemu ni ya mchuuzi wa soksi pale Tom Mboya, anayejaribu kuuza bila kushikwa na kanjo, askari wa jiji. Askari amesimama pointi (2, 1) kwenye ramani, anatazama mashariki moja kwa moja, yaani mwelekeo wa macho yake ni vekta (1, 0). Mchuuzi yuko (6, 4). Je, askari anamwona?

Wewe unatazama picha na kujibu. Kompyuta haina macho, inatoa na kujumlisha. Sita toa mbili ni nne. Nne toa moja ni tatu. Vekta ya kutoka kwa askari hadi kwa mchuuzi ni (4, 3), na urefu wake, kwa kanuni ya Pythagoras, ni 5. Gawa kila sehemu kwa 5 upate (0.8, 0.6). Sasa zidisha na mwelekeo wa macho, sehemu kwa sehemu, ujumlishe: 0.8 mara 1, ongeza 0.6 mara 0, jibu 0.8. Namba hiyo ni kosaini ya pembe iliyo kati ya macho ya askari na mahali alipo mchuuzi, karibu nyuzi 37. Kosaini ikipanda, pembe inapungua. Kama tumeamua askari wetu huona nyuzi 45 kila upande, kosaini ya 45 ni takriban 0.707, na 0.8 imeipita. Ameonekana. Beba mzigo, kimbia.

Katika mtaala aliousoma mpwa wangu, vekta hizi huanza kidato cha pili. Matriki, yale majedwali ya namba, huja kidato cha tatu, na mageuzo kwa matriki kidato cha nne, lile somo ambalo darasa zima huuliza litawasaidia nini maishani. Kamera inayomzunguka mchezaji kwenye gemu ni matriki. Gari likipinda kona, kila pointi ya bodi lake imezidishwa kwa matriki.

Nikamwongezea kitu kimoja, maana hapo ndipo sayansi ya kompyuta inapojilipia karo. Gemu ya kawaida huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde kama 16.7 za kufikiria kila kitu: nani kaonekana, nani kagongana, sauti gani itoke. Weka askari 200 na wachuuzi 1,000 katikati ya jiji. Ukimlinganisha kila askari na kila mchuuzi, hiyo ni mara 200,000 kwa picha moja, milioni 12 kwa sekunde, na bado hujachora hata soksi moja. Simu ya bei nafuu itaanza kukwama na kuchemka mfukoni. Dawa ni kuligawa jiji katika miraba, kisha askari aulize tu wachuuzi walio kwenye mraba wake na ya jirani. Mtu anaweza kujifunza kuandika programu YouTube, na wengi wamefanya hivyo. Lakini tabia ya kujiuliza "hii itafanyika mara ngapi?" kabla ya kuandika, wengi niliowaona wakiwa nayo waliipata kwenye yuniti ya miundo ya data na algoriti (hatua za kutatua tatizo), wakilia.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu jina la kozi ni mfupi: liache, tafuta orodha ya yuniti za miaka yote minne. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti, na kama haipo, iombe idarani. Tafuta aljebra ya mstari, miundo ya data na algoriti, mifumo endeshi, michoro ya kompyuta, na angalau lugha moja inayokuweka karibu na mashine, kama C au C++. Nyingi ya hizi ukizikuta kwenye kozi iitwayo uhandisi wa programu, hiyo inafaa. Ukizikuta kwenye teknolojia ya habari, nayo pia, ingawa mara nyingi utakuta mahali pake pamejaa mitandao, usimamizi wa seva na hifadhidata. Ukiona uhasibu, masoko na usimamizi wa miradi kila muhula, hiyo ni kozi halali ya kukaa ofisi ya sacco, na wenzangu wengi waliosoma BBIT wana kazi nzuri kuliko yangu. Ila kamera haitawazunguka.

Orodha nayo inaweza kukudanganya. Mimi yuniti ya michoro ya kompyuta nilisomeshwa ubaoni muhula mzima, katika chuo ambacho sitakitaja, bila kugusa kompyuta hata siku moja. Tulichora pikseli kwa kalamu. Nilipata A, na sikujua kuchora pembetatu kwenye skrini. Kwa hiyo siku moja panda matatu uende Chiromo, Juja, Madaraka au kokote unakofikiria, ukae karibu na maabara ya kompyuta saa za mchana, umtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Muulize mradi wake wa mwisho ulikuwa nini na akuonyeshe. Akikuonyesha, uko mahali pazuri. Akikuonyesha ripoti iliyochapishwa na kufungwa kwa jalada la buluu, endelea kuulizia.

Uhandisi wa kompyuta uutafakari peke yake. Kwa kawaida shahada za uhandisi nchini ni za miaka mitano, si minne, na kama unataka siku moja kusajiliwa kuwa mhandisi lazima uangalie kama Bodi ya Wahandisi, EBK, inaitambua kozi hiyo katika chuo hicho. Mtu wa gemu hahitaji muhuri wa EBK. Anayetaka kutengeneza vifaa, ndiyo.

Turudi kwenye tovuti, maana hapo ndipo dada yangu alipokuwa ameshika kalamu. Ili usome shahada kupitia KUCCPS unahitaji C+ kwenda juu katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini C+ inakufikisha langoni tu. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, klasta, na mfumo huangalia mambo mawili: ulivyofanya katika masomo hayo manne na jumla yako ya masomo saba. Hupikwa pamoja hadi upate uzito usiozidi 48. Ndiyo maana watoto wawili wenye B ileile wanaweza kuachana mbali: aliyeipata B yake kwa hisabati na fizikia atakuwa juu kwa sayansi ya kompyuta, na aliyeipata kwa historia na dini atakuwa chini, ingawa vyeti vyao vinafanana ukutani. Juu ya hapo kozi nyingi za sayansi ya kompyuta zina masharti ya somo mojamoja, hasa hisabati, mara nyingi C+, na baadhi hutaka fizikia. Aliyeacha fizikia alipoingia kidato cha tatu kwa sababu mwalimu alikuwa mkali, huu ndio wakati anapoikumbuka.

Zile namba za mwaka jana zinazoonyeshwa kando ya kozi, wazazi wengi huzisoma kama bei dukani. Ni uzito wa mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka huo, basi. Mwaka huu wakiomba wengi wenye alama za juu, zitapanda. Wakikimbilia kozi nyingine, zitashuka. Weka juu ile unayoitaka hata kama imekupita kwa kiasi kidogo, halafu chini yake weka ile ambayo hata ukipangiwa hutalala ukilia.

Na somo la kompyuta lenyewe la sekondari? Zuri kulisoma, lakini kutolisoma hakukufungii mlango. Shule nyingi hazina hata maabara. Wale wa mtaala mpya, kundi la kwanza lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, wao uamuzi huu umewakuta mapema zaidi, kwa sababu wamechagua mkondo tayari. Mwenye ndoto hii awe kwenye mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Hapo dada yangu akarudi na swali lake, na ni swali la haki. Kazi iko wapi?

Studio za gemu Nairobi zipo, na zimekuwepo kwa muda. Leti Arts, yenye miguu Ghana na Kenya, ilianza 2009. Mwaka 2015 Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi ambamo viumbe kutoka anga za juu wanauvamia mji wetu. Internet of Elephants wametengeneza gemu kwa kutumia data ya wanyamapori wa kweli, na Usiku Games nao wakajaribu gemu za simu zenye sura ya Kiafrika. Lakini studio hizi ni ndogo, na nafasi zake haziwezi kumeza hata darasa moja la wahitimu wa mwaka mmoja wa chuo kimoja. Dada yangu alipaswa kuambiwa hivyo bila kufunikwafunikwa, na nikamwambia.

Pesa nyingi za programu Nairobi ziko kwenye pesa zenyewe. Tangu M-Pesa ianze 2007, benki, saccos na kampuni za mikopo ya simu zimekuwa na njaa ya watu wa programu, na miaka ya karibuni Microsoft na Google zimefungua vituo vyao vya wahandisi mjini hapa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumsukuma kijana kwenye sayansi ya kompyuta badala ya kumtafutia shahada yenye neno gemu kwenye jina, hata ng'ambo. Ile hesabu ya askari na wachuuzi ndiyo hiyohiyo inayotumika kutafuta bodaboda iliyo karibu nawe kwenye programu ya usafiri. Studio ikimkosa, benki itampata, na usiku atakuwa na nguvu ya kutengeneza gemu yake bila kulala njaa.

Kuhusu kucheza kwa kulipwa, dada yangu alishangaa nilipomtajia Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, Mkenya wa kucheza Tekken aliyesajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Yuko, na amewahi kulipwa. Alisomea sheria. Kucheza na kutengeneza ni kazi mbili tofauti kama kula na kupika, na kwa ile ya kwanza chuo kikuu hakina la kukufundisha.

Kitu kingine studio huuliza kabla ya cheti ni: umetengeneza nini? Kwa hilo hakuna sababu ya kungoja barua ya kujiunga na chuo. Godot ni injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na hukimbia hata kwenye zile laptop za ex-UK za Moi Avenue. Unity hutumia C#, ina toleo la bure kwa wanaoanza. Unreal hutumia C++ na ni nzito. Mashine ya mtumba itaunguruma kama posho mill. Blender ya kuchora vitu vya 3D ni bure. Ukimaliza gemu yako ndogo unaweza kuiweka itch.io bila kulipa, Google Play ukilipa dola 25 mara moja, au Steam kwa dola 100 kila gemu. Kuna pia Global Game Jam, ambayo hufanyika kila Januari tangu 2009, ambapo watu duniani kote hutengeneza gemu kwa saa 48. Gemu tatu ndogo zilizokamilika zinasema mengi kuliko moja kubwa ambayo iko asilimia 60 tangu mwaka juzi. Hilo la mwisho najisema mwenyewe.

Usiku ule aliweka sayansi ya kompyuta juu, uhandisi wa programu chini yake, kisha teknolojia ya habari. Mama yake akasoma kila mstari kwa sauti kabla ya kumruhusu abonyeze.

Siku ya tisa akanitumia video WhatsApp. Kisanduku cha buluu, ndiye askari. Kisanduku chekundu, mchuuzi. Mistari miwili ya kijivu, kuta za kibanda. Chekundu kikiingia mbele ya buluu, buluu inageuka njano na kuanza kukimbiza. Ameandika chini: "Mjomba, huyu kanjo anaona hadi nyuma ya ukuta."

Nikamjibu kwamba hesabu yetu ilijua pembe tu, haikuwahi kuambiwa kuna kuta. Achore mstari kutoka kwa askari hadi kwa mchuuzi, kisha aulize kama mstari huo unakatana na mstari wa ukuta, na wapi.

Akakaa kimya kama dakika tano. "Mistari miwili kukatana. Si hiyo ni ile ya kutafuta x na y pamoja? Ya kidato cha kwanza?"

"Ndiyo hiyo."

"Na kuta zikiwa elfu moja?"